Kamera ndogo ya kuanzia: anza na uzito, megapikseli baadaye

Vijana wanaokuja kuniuliza hapa Moshi kuhusu kamera ya kwanza, wengi wao huanza na megapikseli, yaani mamilioni ya vidoti vinavyounda picha. Jibu lake ni fupi: 18 zinatosha albamu ya harusi, zinatosha picha kubwa ya ukutani, na kwa WhatsApp zimezidi mno. Mimi nawauliza wataibebaje. Ukitoka Rau kwa bodaboda, ukaingia daladala ya Marangu, kisha ukapanda kwa miguu hadi nyumbani kwa wenye sherehe, kamera ya kilo moja na nusu utaichukia ndani ya wiki chache. Nimeziona kamera za namna hiyo, nzuri sana, zimelala kabatini.

Kwa hiyo nashauri ununue bodi ndogo (bodi ni kamera yenyewe bila lenzi), hata kama si toleo la juzi, na fedha inayobaki iende kwenye lenzi moja inayoingiza mwanga mwingi.

Kwa Canon zenye kioo ndani (DSLR), ndogo kuliko zote ni EOS 100D ya mwaka 2013. Ikiwa na betri na kadi ndani ina gramu 407 tu. Baada yake ilikuja 200D mwaka 2017, kisha 250D mwaka 2019, zote karibu gramu 450 na megapikseli 24. Kwa Nikon angalia D3300, D3400 na D3500. Hii ya mwisho ilitoka mwaka 2018, ina gramu 415 na betri yake, na kishikio chake ni kirefu kwenda ndani, vidole vinapata pa kukaa. Kwenye 100D kidole cha mwisho kinaning'inia chini ya bodi. Mwenye mkono mkubwa aishike kwanza nusu saa kabla hajatoa hela. Kampuni zote mbili zimehamishia nguvu kwenye kamera zisizo na kioo ndani (mirrorless), ndiyo maana hizi nyingi utazipata kwa mtu aliyekwisha kuzitumia.

Ukiniuliza mimi, wa picha mnato achukue D3500, na anayetaka video achukue 200D au 250D. Hizo Canon zinamfuata mtu kwa fokasi, yaani zinamweka aonekane wazi bila ukungu, vizuri sana wakati wa kurekodi, na zina tundu la maikrofoni. D3400 na D3500 hazina tundu hilo kabisa. Ukitaka kurekodi hotuba ya mshenga ukumbini, kamera itakuletea kelele za sahani kuliko maneno yake.

Sasa kuna mambo mawili ambayo muuzaji hakuambii. Bodi za Nikon za daraja hili hazina mota ya fokasi ndani yake, zinategemea iliyomo kwenye lenzi. Ukiuziwa lenzi ya 50mm f/1.8D kwa bei ya kuvutia, itaingia, itapiga picha, lakini fokasi utazungusha kwa mkono siku zote. Tafuta iliyoandikwa AF-S au AF-P. Na hizo AF-P hazifanyi kazi kwenye Nikon za zamani kama D3100 na D3200. Jambo la pili linahusu Canon 250D. Pale juu unapochomeka flashi, pini ya katikati imeondolewa. Flashi nyingi za bei nafuu ambazo wapiga picha wa mjini huazimana zinategemea pini hiyo, kwa hiyo hazitawaka. Kama riziki yako ni harusi za usiku na flashi unayo tayari, hiyo ni sababu tosha ya kuchukua 200D.

Lenzi ndiko ninakotaka utumie hela. Ile 18-55 inayokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, haifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi). Mchana barabarani inatosha. Lakini kanisani kwenye kipaimara, au usiku bibi harusi anapomlisha mama mkwe kipande cha ndafu na mkono unatembea, picha inatoka na ukungu. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi, na sura ya mtu mweusi inabaki na rangi yake, haizami gizani. Shida yake ni kwamba kwenye kamera hizi inakaza, inaona eneo dogo: sebuleni utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta. Kwa nyumba zetu napenda zaidi 35mm f/1.8 ya AF-S DX kwa wa Nikon. Wa Canon wana 24mm f/2.8 STM. Ni nyembamba hata ukiifunga kwenye 100D, kamera inaingia kwenye mkoba wa kawaida.

Mdogo wangu unayepanda mlima na wageni, au uliyeanza kama mgumu, yaani mpagazi, na sasa unataka kuwauzia picha, wewe angalia betri kabla ya yote. Kwa kipimo cha watengenezaji D3500 inafikisha picha 1,550 kwa chaji moja, 100D ni 380. Njia ya Machame ni siku sita au saba, na soketi hakuna. Usiku wa kwenda kileleni baridi inaimaliza betri haraka, kwa hiyo ile ya akiba ilale ndani ya koti, karibu na mwili.

Ukishaipata ya mkononi (iliyokwisha kutumika), ikague ukiwa nje, kwenye mwanga. Toa lenzi, washa tochi ya simu, ipitishe upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Lenzi zilizokaa sana pwani huwa nayo, na kuisafisha ni kazi ya fundi. Kisha rudisha lenzi, weka f/16, piga anga tupu, ukuze picha kwenye kioo cha nyuma. Madoa meusi ni vumbi lililokaa kwenye kihisi, ile sehemu ya ndani inayopokea picha, na kwa vumbi la Arusha wakati wa kiangazi usishangae. Mengi hutoka kwa pampu ndogo ya mkono ya kupulizia. Yasiyotoka, punguziwa bei. Mwisho weka kasi ya shata (pazia la ndani linalofunguka na kufunga) iwe 1/4000 ya sekunde, upige tena anga. Picha ikitoka na mkanda mweusi upande mmoja, shata imechoka na sikushauri uichukue kwa bei yoyote.

Nenda na kadi yako ya kumbukumbu na ufanye majaribio hayo palepale. Muuzaji asiyekubali, mshukuru, uende kwa mwingine.