Wati za kwenye stika zitakuunguzia kompyuta

SWALI: Habari za kazi kaka. Nipo Dodoma, nashuti na kuediti video za harusi na sendofu, kamera yangu ni Sony A7 IV na naediti kwa programu ya Premiere. Laptopu imechoka, nataka desktopu. Nina milioni 2 na laki 2, monita ninayo. Duka moja linaniuzia Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, Core i7, ramu 16, SSD 512, kwa shilingi 650,000, alafu nitaongeza kadi ya grafiki ya RTX 3060. Fundi mwingine anasema ataniunga mpya, kesi yake inakuja na pawa saplai ya wati 600 bure, kwa hiyo hapo naokoa hela. Ninunue iliyo tayari au niunge?

JIBU: Mdogo wangu, swali lako lote nimelielewa ila kuna neno moja limenishtua, hilo "bure". Pawa saplai ya wati 600, bure, ndani ya kesi. Kila wiki nalisikia. Mtu anakesha mwezi mzima anabishana na wenzake prosesa ipi, kadi ipi, ramu yenye taa au isiyo na taa, alafu kitu kinacholisha umeme vyote hivyo anakipokea kama mfuko wa kubebea mzigo. Kuunga au kununua tutafika, tuanzie hapa kwanza maana hapa ndo hela za watu zinapoungulia.

Namba kubwa iliyochapwa ubavuni mwa pawa saplai usiisome. Tafuta jedwali dogo kwenye stika hiyohiyo, nenda kwenye safu ya +12V, angalia ampea, alafu zidisha mara 12. Juzi nilikuwa na moja hapa mezani imeandikwa 600W kwa herufi nyekundu kubwa, kwenye jedwali +12V ina ampea 16, piga hesabu mwenyewe, ni wati 192. Na prosesa na kadi ya grafiki zote zinakula kwenye hiyo laini ya 12, hizo wati nyingine walizojumlisha za volti 5 na 3.3 kompyuta ya sahivi haina kazi nazo kivile. Sasa prosesa kama Core i5-12400 ukiibana kwa kurenda (kutoa video iliyokamilika) inafika wati 117, RTX 3060 ni wati 170, hapo tayari 287 na hujahesabu mazabodi, feni na diski. Yani unataka kumbebesha punda mzigo wa punda wawili. Pawa ya kweli ya wati 550 ukisoma jedwali lake unakuta +12V ina ampea 45 hivi, wati 540, namba kubwa na namba ndogo zinakubaliana. Zisipokubaliana umeshadanganywa na hujatoa hata senti.

Ile ya juzi niliifungua. Sehemu ya kuingilia umeme, ambapo zinatakiwa koili na kapasita za kuchuja, wameunganisha kwa vipande vya waya tu. Trafo yake ndogo kama ya redio. Na pembeni wamegundisha kipande cha chuma kisichofanya kazi yoyote, kipo ili ukiinyanyua useme hii nzito, hii nzuri. Mtu amekaa kiwandani akalifikiria hilo, na mwingine anakuuzia huku anakuita bosi.

Na ingekuwa inakufa peke yake nisingekuwa na hasira hivi. Pawa nzuri ikizidiwa inajikata, ndani ina ulinzi wa umeme kupanda, wa mzigo kuzidi, wa shoti. Hizi za bure huo ulinzi wameuruka ili kupunguza gharama, kwa hiyo siku inakufa inaweza kupitisha volti zisizotakiwa kwenye laini ya 12 na inaondoka na mazabodi, SSD na diski ya HDD kwa mpigo. Mwaka jana kijana aliniletea mashine yenye harusi tatu ndani ambazo hajakabidhi. Diski zote mbili zilikuwa zimeungua bodi zake. Bibi harusi mmoja baba yake alikuwa ameshafariki tangu ile sherehe. Nilimwambia ukweli kwamba mimi sina cha kufanya, na nilivyomwona anatoka mlangoni sijasahau mpaka leo. Kilichoua ni pawa aliyopewa bure.

Kabla ya kufa huwa inatoa dalili, ndo hapo makanjanja wanapokula. Mashine inawaka vizuri, unafungua mafaili vizuri, ukianza kurenda inajizima ghafla kama umeme umekatika. Unaipeleka kwa kishoka anakwambia Windows imeharibika, anapiga upya, unalipa. Inajizima tena, anasema ramu. Unanunua ramu. Inajizima tena, sasa anasema prosesa imechoka. Prosesa gani inachoka baada ya miezi minne? Hakuna siku amechukua mita akapima laini ya 12 mashine ikiwa kwenye mzigo, kwa sababu mita hana. Fundi wa kompyuta asiye na mita ana bisibisi na flashi yenye Windows, basi.

Kuna na ule ujanja wa adapta. Kadi ya grafiki inataka plagi ya pini 8, pawa haina, anakuchomekea kiadapta kutoka plagi ya SATA. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba wati 54 kwenye laini ya 12, na ile ya pini 8 kadi inaruhusiwa kuvuta mpaka 150. Plastiki inayeyuka, nimeziona zimekuwa nyeusi, moja ilishaanza kuunguza na waya wa jirani. Pawa isiyo na plagi ya kadi inakwambia yenyewe kwamba haikutengenezwa kwa kadi, isikilize.

Alafu umeme wetu unaujua, unapanda unashuka, unakatika unarudi kwa kishindo. Pawa nzuri inapokea kuanzia volti 100 mpaka 240 yenyewe bila kuguswa. Zile zenye kiswichi chekundu cha 115 na 230 kwa nyuma, mtoto akikisogeza kwenye 115 ukachomeka ukutani utasikia mlio na harufu. UPS nunua, lakini UPS iliyoandikwa 650VA haitoi wati 650, nyingi za saizi hiyo zinatoa 360 hivi au chini yake, na hapo bado hujachomeka monita.

Sasa OptiPlex yako. Mashine za ofisi za mtumba mimi sizidharau hata kidogo, na nitakwambia kitu ambacho wanaounga hawapendi kukisikia: pawa ya hiyo Dell, ile ya kesi ndefu, imeandikwa wati 290 na ni 290 za kweli, kwa hiyo inaizidi hiyo ya 600 ya bure. Kama ungekuwa unafungua steshenari, kuchapa, kuprinti na kuskani, ningekwambia chukua hiyo, piga SSD, fanya kazi. Ila RTX 3060 humo haikai. Wati zenyewe hazina nafasi, plagi ya kadi haina, na ukisema ubadilishe pawa unakuta mazabodi yake inatumia plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe badala ya ile ya pini 24 ya kawaida, unarudi tena kwenye biashara ya viadapta. Kadi inayofaa mle ni ile inayokula kwenye mazabodi peke yake, yani isiyozidi wati 75, kama GTX 1650 zile zisizo na plagi.

Na hiyo "Core i7" isikulevye. Kwenye 9020 kwa kawaida ni i7-4770, ya mwaka 2013, kora 4. Core i3-12100 ya 2022 ina kora 4 pia na inaiacha mbali. Namba inayofuata baada ya kile kistari ndo inakwambia kizazi, hiyo "i7" yenyewe haisemi kitu. Juu ya hapo Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha 8, na Windows 10 Microsoft walimaliza kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo unanunua mashine ya kazi ambayo imeshaachwa barabarani.

Kwa kazi yako unga. Na hapa kuna jambo huyo fundi wako naona hakukuuliza, unashuti kwa kitu gani. Sony A7 IV ukiiweka kwenye H.265 ya 10-bit 4:2:2, namna ya kurekodi inayobana faili na kutunza rangi nyingi, kadi kama RTX 3060 haina uwezo wa kuifungua hiyo kwa chipu yake, inaitupia prosesa ndo maana taimulaini inagandaganda. Grafiki ndogo iliyomo ndani ya Intel kizazi cha 12 inaifungua, na Premiere inaitumia. Kwa hiyo chukua i5-12400 ISIYO na F mwishoni. Ile 12400F ni rahisi kidogo kwa sababu haina hiyo grafiki ya ndani, wewe ukiinunua umetupa kitu ulichokihitaji kuliko vyote. Anza bila kadi kabisa, umenielewa? RTX 3060 itakuja baadae hela ikipatikana. Sahivi hela yake peleka kwenye ramu 32, mbili za 16 ili zifanye kazi kwa pamoja na sio moja ya 32, SSD ya NVMe (ile ya kasi inayochomekwa kwenye mazabodi) ya 1TB, diski ya HDD ya kuhifadhia na nyingine ya nje ya kopi, na pawa ya wati 550 au 650 ya jina linaloeleweka, Corsair, Seasonic, Cooler Master, inayouzwa kwenye boksi lake. Stika ya 80 Plus, ile ya kuonyesha pawa haipotezi umeme mwingi, isikutoshe, inafojiwa kama stika nyingine, chukua jina kamili la modeli ulitafute kwenye intaneti uone kama lipo na kama jedwali linafanana.

Siku utakayoenda kununua hiyo kadi nayo uwe macho. Uchimbaji wa Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, kwa kadi za grafiki uliisha Septemba 2022 na kadi nyingi zilizokuwa zinachoma usiku na mchana zikamwagika sokoni, nyingine zimepakwa rangi zikarudi kwenye boksi. Kuna na za kughushi kabisa, kadi ya zamani imeandikwa upya ijiite GTX 1050 Ti, ukiichomeka, Windows yenyewe inaisoma hivyohivyo. Programu ya GPU-Z, inayosoma kadi ni ipi hasa, ni ya bure na nyingi za namna hiyo inakuandikia FAKE kwenye jina. Muuzaji akikwambia hiyo programu haina maana, umeshapata jibu.

Na hata ukishaunga vizuri, siku ukipeleka mashine kwa mtu kupuliza vumbi piga picha ndani kabla hujaiacha, stika ya pawa, ramu, diski, kila kitu. Nimeshapokea mashine ambazo mwenyewe anaapa alinunua pawa ya laki na kitu na ndani imekaa ya elfu thelathini. Watu wanabadilishiwa bila kujua, wanakuja kujua siku imelipuka.

Kwa huyo fundi wako wa kesi mwambie unataka kesi tupu, pawa unanunua mwenyewe, uone bei inashuka kiasi gani, hicho ndo kiasi alichokuwa anakuhesabia kwenye "bure". Akishaunga usichukue mashine ikiwa inaonyesha desktopu tu na taa zinawaka. Nenda na kadi ya kamera yako yenye klipu za harusi ya kweli, zirende palepale dukani saa nzima, kesi imefungwa. Akikataa isikae saa nzima, hela bado iko mfukoni kwako.