Niliacha Dawa za Presha kwa Sababu Nilijisikia Mzima

Siku niliyogunduliwa kuwa na shinikizo la juu la damu sikuwa naumwa popote. Muuguzi alinipima mikono yote miwili, akaandika 168/104, akanitaka nirudi baada ya siku chache. Vipimo vilivyofuata navyo vilizidi 140/90, nikaanzishiwa kidonge kimoja cha amlodipini kila siku.

Miezi minne baadaye nilikiacha. Kila jioni vifundo vya miguu vilikuwa vikivimba hata soksi zikaniachia alama, na kwa kuwa presha ilikuwa imeshuka, nilijiaminisha kwamba nimepona. Laiti ningemweleza daktari, angepunguza dozi au kunibadilishia dawa, kwa maana uvimbe huo ni athari inayojulikana ya amlodipini, kama vile kikohozi kikavu kinavyowapata baadhi ya wanaotumia enalaprili, dawa nyingine ya presha. Presha yangu ilikuwa chini kwa sababu dawa ilikuwa ikifanya kazi. Nilipoiacha ikapanda tena, nami sikuhisi lolote.

Mwaka uliofuata nilikwenda kupimwa macho kwa ajili ya miwani tu. Mtaalamu alinitia matone ya kupanua mboni, akamulika hadi nyuma ya jicho, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nina presha. Katika picha aliyonionyesha, ateri ndogo, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, zilikuwa zimesinyaa, na pale zilipopishana na vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zilikuwa zimezikandamiza. Pembeni kulikuwa na vidoa vyekundu vya damu iliyovuja. Alinieleza kwamba jichoni ndimo mishipa midogo ya damu inapoonekana bila kumpasua mtu, na kwamba mishipa ya figo, moyo na ubongo hupitia shinikizo lilelile.

Ndiyo maana nawasihi wanaosema "ikipanda nitajua, kichwa kitauma" waache kutegemea hisia na wapime. Tumia mashine inayofungwa mkono wa juu, yenye mkanda unaokutosha, kwa kuwa mkanda mdogo hutoa namba kubwa kuliko ilivyo kweli. Nenda haja ndogo kwanza, usinywe kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia, kisha kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Pima mara mbili kwa kupishanisha dakika moja, uandike zote, hata ile isiyokupendeza. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi tayari unahesabiwa kuwa juu.

Chumvi ipungue hadi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Mweleze daktari pia kuhusu dawa za maumivu unazojinunulia, maana ibuprofeni na diklofenaki huweza kupandisha presha. Hilo watu wengi hawaambiwi.

Mashine ikionyesha 180/120 au zaidi, nawe una maumivu ya kifua, unahema kwa shida au macho yamefifia ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo. Na mtu akipinda mdomo upande mmoja, mkono ukalegea au maneno yakamtoka yamevurugika, mkimbizeni hospitali bila kutafuta mashine, kwa sababu kiharusi humpata hata mtu ambaye namba zake hazitishi.