Bei anataja nani? Barua kwa mwanangu aliye Hamburg

Mwanangu,

Barua yako nimeipata, pamoja na picha ya ile pakiti ya kahawa iliyoandikwa Kilimanjaro. Unauliza mbona nchi tajiri zinazidi kutuacha, ilhali huku hakuna aliyeacha kufanya kazi. Mimi nitakueleza habari ya mizani, maana ndiyo niliyoiona kwa macho.

Mwaka 1989 ulikuwa hujaanza shule. Baba yako amelala na ule mguu wake, nikapeleka kahawa kwenye chama cha ushirika mwenyewe. Tulikuwa tumeichuma, tumeimenya kwa kimashine cha babu, tumeianika na kuichambua hadi kucha zikawa nyeusi. Ada ya dada yako ilikuwa humo. Karani akapima, akanitajia pesa ambazo hazikufika hata nusu ya ada. Nikamuuliza, bei kaishusha nani? Akanijibu bila kuinua macho: "Duniani huko, mama."

Duniani huko! Ng'ombe wetu mwenye baka ndiye aliyempeleka dada yako sekondari.

Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba Julai ile mgao wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, ule uliopangia kila nchi kiasi cha kuuza ili bei isianguke, ulivunjika, wauzaji na wanunuzi wameshindwa kuelewana, na bei ya dunia ikaporomoka karibu nusu kwa miezi michache. Nimekwambia tangu utotoni: anayetaja bei ndiye anayepanda, anayetajiwa hubaki alipo.

Lakini nisijidanganye. Vietnam walikuwa maskini kama sisi, wakapanda kahawa hadi leo ni wa pili nyuma ya Brazil. Sisi mibuni tuliiacha ikazeeka, na makato ya chama hayakueleweka. Hapo nasema kosa ni letu. Halafu nakumbuka kwamba hata ya Vietnam nyingi husafirishwa mbichi, ikakaangwe huko kwenu ambako hakuna shamba hata moja la kahawa. Pesa ya kukaanga na kupakia hubaki huko, ikanunua mashine mpya, ikasomesha mafundi. Sisi msimu ukifika tunarudi na gunia lile lile, jembe lile lile.

Kusema wametuibia, ulimi unaniwasha. Sisemi. Wewe unaishi nao, na wajukuu zangu wanasoma kwao.

Kaka yako anataka ning'oe mibuni iliyobaki nyuma ya zizi, tupande parachichi, eti wanunuzi wa nje wanazigombania. Nimemuuliza bei anataja nani. Bado hajanijibu.

Mama yako