Fataki za Plymouth: kwa nini picha zinaungua katikati

Ndugu, weupe ule mtupu katikati ya picha zako za fataki za Agosti pale Plymouth, mji wa bandari wa Uingereza, hautokani na lenzi. Shata (pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia) imekaa wazi muda mrefu mno, milipuko mitano sita ikarundikana mahali pamoja. Weka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, shata kwenye B (inabaki wazi mpaka uifunge mwenyewe), na ubonyeze kwa rimoti, kamera ikiwa juu ya stendi. Fungua shata pale mstari wa moto unapopanda, ifunge cheche zikianza kufifia: sekunde 2 hadi 4. Kwenye fungu la mwisho, zinapolipuka kwa mkupuo, shuka hadi sekunde 1 au kaza tundu hadi f/16.

Fokasi ifanye kwa mkono kwenye taa ya mbali kabla ya kuanza, halafu usiiguse tena. Ya otomatiki huhangaika gizani. Zima pia ule usafishaji wa chembe (long exposure noise reduction) kwa picha za muda mrefu. Ukipiga sekunde 4, kamera hujifungia nyingine 4, na mlipuko mzuri kuliko yote unakupita hivi hivi.

Moshi ni suala la upepo. Fataki hurushwa kutoka Mount Batten, ng'ambo ya maji upande wa kusini-mashariki, kwa hiyo ukisimama Hoe, uwanja wa wazi unaotazama bahari, na upepo ukivuma kutoka kusini-mashariki, moshi wote unakujia wewe. Dakika za kwanza ndizo safi. Usizimalizie kwenye kupima mwanga. Na kioo cha lenzi kifute mara kwa mara, chumvi ya baharini huzungushia kila cheche ukungu.