Kabla ya Kubadilisha Baruti, Okota Kitambaa

Nilipoanza kulenga shabaha kwa gobore la kaliba .50, yaani lenye mtutu wa upana wa nusu inchi, kila goroli ilipokwenda kombo nililaumu baruti. Niliongeza, nikapunguza, nikabadilisha aina, na matundu yakazidi kutawanyika. Siku moja nilitembea hatua chache mbele ya mtutu nikaokota vitambaa vinavyozungushiwa goroli. Kila kimoja kilikuwa na duara lililoungua, pale hasa goroli inapobana kuta za mtutu. Moto ulikuwa ukipenya pembeni. Kitambaa kilikuwa chepesi mno, na baruti haikuwa na kosa.

Nilibaki na goroli ileile ya inchi 0.490, ya madini laini ya risasi, nikapanda kutoka kitambaa cha unene wa inchi 0.010 hadi 0.015. Nilichagua pamba iliyofumwa kwa kubana, nikaipaka shahamu iliyochanganywa na nta. Kama chako kinatoka kimekatwa badala ya kuungua, kagua mdomo wa mtutu: huenda kingo za mifereji iliyochongwa ndani yake ni kali.

Kitambaa kikishatulia, ndipo ushike baruti. Kwa kaliba hii mimi huanzia greni 50, zaidi kidogo ya gramu 3, na kuongeza 5 kila hatua, bila kuvuka kikomo cha mtengenezaji. Piga tano kwa kila kipimo, bunduki ikiegemea mfuko wa mchanga, na usiguse kitu kingine chochote. Matundu yatakaribiana, kisha yataanza kuachana tena. Rudi pale yalipokaribiana. Kipimo kikubwa ni nadra kuwa ndicho chenye shabaha.

Kati ya mpigo na mpigo pitisha kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Masizi hubana mtutu, na goroli ya tano haitapita kama ya kwanza.

Katika haya nakusihi usilegeze: tumia baruti nyeusi tu, kamwe si ile ya kisasa isiyo na moshi. Imimine kwa kipimo, si moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Weka alama kwenye mdeki, ule ufito wa kusukumia goroli ndani ya mtutu, ili ujue goroli imekalia baruti, maana ikibaki nafasi kati yao mtutu unaweza kuvimba au kupasuka.

Gobore langu lilitulia kwenye greni 70. Kitambaa nilichookota siku lilipotulia kilikuwa cheusi katikati tu, kingo zake nzima.