EverQuest ilikuwa ya polepole kwa sababu ya laini ya simu

Mwenzetu ameuliza kwa nini mapigano ya EverQuest, mchezo wa kompyuta unaochezwa na watu wengi kwa pamoja mtandaoni, yalikuwa ya polepole hivyo, na kama waundaji wake hawakuweza kutengeneza mchezo wa kasi. Nilianza kuucheza mwaka ulipotoka, 1999, nikiishi kwa shangazi yangu Marekani, na kwa maoni yangu mchezo ule ulikatwa kwa kipimo cha simu ya nyumbani.

Modemu yetu, kile kifaa cha kuingia intaneti kwa laini ya simu, hata siku yake nzuri, haikufikisha kilobaiti 7 kwa sekunde. Kwa hiyo milima, majengo na sura za viumbe vilikuja kwenye CD, na waya ukabeba taarifa fupi tu: nani yuko wapi, kafanya nini, kasema nini. Kwa kuwa hata hizo zilichelewa, mchezaji aliwasha shambulio mara moja, kisha seva, yaani kompyuta kuu ya mchezo, ikahesabu mapigo yenyewe. Mchawi aliyeishiwa nguvu aliketi akafungua kitabu chake cha uchawi ili zimrudie, nacho kikamfunika macho asione kinachomjia, hivyo hakubakiwa na la kufanya ila kupiga soga na wenzake. Marafiki wangu wa mchezo ule niliwapata katika kuketi huko.

Nyumbani tulikuwa na huduma ya kudokeza simu ya pili inapoingia, na mlio wake ulitosha kuikata modemu. Dawa yake ilikuwa kutanguliza *70 kabla ya namba ya intaneti ili kuizima huduma hiyo, mpaka jioni moja shangazi aliponiita: "Mwanangu, wifi yangu anasema simu yetu iko bize tangu jana." Akaipiga marufuku. Wiki hiyo hiyo wifi yake akapiga simu tukiwa sita pangoni ndani ya mchezo, na modemu ikakatika. Mhusika wangu akabaki amesimama kama sanamu, akauawa, na niliporudi nilijikuta mbali, mali yangu yote imebaki kwenye maiti yake.

Kadi ya picha, kipande cha kompyuta kinachochora picha za mchezo, ni habari nyingine. Ultima Online ya 1997, mchezo mwingine wa mtandaoni uliotazamwa kutoka juu, haikuihitaji, lakini EverQuest haikuwaka bila kadi ya 3D, nami nikaitolea mshahara wa likizo nzima.

Lililo kubwa zaidi, naona, ni bei. Neverwinter Nights, mchezo wa mtandaoni wa kampuni ya intaneti ya America Online ulioanza 1991, ililipiwa kwa saa; kampuni hiyo ilipoanza kutoza dola 19.95 kwa mwezi bila kuhesabu saa, Desemba 1996, ndipo kumvizia jini mmoja usiku kucha kulipowezekana kwa mtu wa kipato cha kawaida. Sisi tuliishia kufunga laini ya pili, na shangazi akaihesabu kwenye kodi yangu ya chumba.