Kuvumilia sio kunyamaza jamani

Jana usiku nimepokea meseji: "Mtumishi shalom, huu mwaka wa pili sina kazi, nimeomba mpaka nimechoka, hivi imani yangu ina kasoro gani?" Nikaiangalia muda mrefu sana, maana hilo swali la mwisho mi nimelala nalo na kuamka nalo.

Ngoja niwape yangu. Nilipoteza kazi asubuhi moja tu, barua ya mistari minne, kwaheri. Nikajipa mwezi mmoja, ikawa miaka mitatu. Na kitu sijawahi kukiandika popote ni kwamba miezi ile ya mwanzo watoto sikuwaambia, nilikuwa naamka napiga pasi shati, nachukua begi (ndani hamna kitu), natoka kama mtu wa kazini kumbe naenda kukaa kanisani benchi la nyuma kabisa mpaka jioni. Kuna mama alikuwa anafagia pale. Kila siku, "baba inua miguu," nainua, anapita, hajawahi kuniuliza swali hata moja. Siku moja akasimama akanipa fagio la pili, akasema "wewe anzia huku kushoto." Nikafagia na shati langu la pasi huku machozi yanadondoka kwenye vumbi, na wala hakugeuka kuniangalia. Kesho yake nilifika nikalichukua fagio mwenyewe.

Halafu sasa kuna mzee mmoja wa maombi, huyu jina namuachia Mungu, alisimama mbele za watu akasema kuna mtu humu milango yake haifunguki sababu ana dhambi ya siri, na macho kwangu. Watu wakageuka. Mke wangu alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Nimeshasamehe. Ila mnaona bado naandika.

Marafiki zake Ayubu, yule wa kwenye Biblia aliyepoteza mali, watoto na afya, siku saba za kwanza walifanya vizuri sana, walikaa naye chini hakuna aliyesema neno, wameharibu walipofungua midomo. Na Ayubu mwenyewe tunayemhubiri kama mpole mpole hivi, soma sura ya 3 uone anavyoilaani siku aliyozaliwa, endelea mbele anataka Mungu aje wajibizane. Huyohuyo ndiye Yakobo 5:11 anamtolea mfano wa uvumilivu! Na sura ya 42 Mungu hasira zake ziliwaka kwa wale marafiki waliokuwa wanamtetea Yeye Mungu, sio kwa Ayubu mlalamikaji. Hiyo ilinifungua, nikaacha kusali sala za adabu, nikawa namwambia Mungu nimechoka, umeniacha, watoto wanauliza, nimechoka.

Yusufu aliuzwa ana miaka 17, akasimama mbele ya Farao ana 30. Katikati hapo yule mnyweshaji wa Farao aliyekuwa naye gerezani alimsahau, miaka miwili mizima, na Biblia inaivuka kwa mstari mmoja. Na mi yangu ya katikati naivuka hivyohivyo, hamna cha kusimulia, ni kuamka, kufagia, kupeleka barua za maombi ya kazi, kulala.

Mwaka jana mlango ukafunguka, na sijisifu ila leo nasimamia idara kubwa kuliko ile niliyotolewa, waliotupunguza wakinisikia wanajua wenyewe.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeniandikia, imani yako haina kasoro. Amka, oga, toka ndani. Lia mbele za Mungu usimfiche. Ukipata kitu cha kufanya kwa mikono kifanye hata kama hakilipi. Na anayekupangia tarehe ya muujiza wako mkimbie, kwani Ibrahimu aliitwa ana miaka 75 akampata Isaka ana 100, binadamu gani alimpangia? Sisi kizazi hiki tunataka Mungu wa siku tatu, tukifunga Jumatatu Alhamisi tunadai majibu, tubuni jamani! Na tena nasema, amka, toka ndani.

Yule mama bado anafagia, nikiwahi Jumamosi ananionyesha upande wangu. Na yule mzee tunasali naye ibada moja mpaka leo. Jumapili iliyopita kanifuata mlangoni kanishika bega, "Bwana asifiwe, si nilikwambia Mungu hachelewi?" Nikamjibu amina, shingo upande.